Mshumaa Ndani ya Pipa la Tatu

Chumvi ilinata kwenye chupa.

Kwa mtu asiyejua mambo ya kuhifadhi nafaka, hilo si jambo la kumkosesha raha. Lakini Mshonaji alikuwa ameshafundishwa. Unachukua mahindi kidogo kutoka kwenye pipa, unayatia kwenye chupa kavu ya kioo, unaongeza vijiko vitatu vya chumvi iliyoanikwa juani, unatikisa vizuri, unaiacha robo saa. Chumvi ikiteleza yote chini, mahindi ni makavu na yatakaa miaka. Chumvi ikiganda kwenye kioo, yana maji, na usipoyaanika upya ujue umehifadhi uvundo.

Sasa chumvi ilikuwa imetanda chupa nzima, juu mpaka chini. Mshonaji akayamwaga mahindi kiganjani. Makavu, yanagongana kama shanga. Akatafuna moja, nusura aache jino. Akaosha chupa, akaianika, akarudia. Ikanata tena. Mara ya tatu akaisogeza dirishani, mchana kweupe, watoto wa jirani wakipiga kelele za mpira nje, na hapo akaona ukungu mwembamba upande wa ndani wa kioo, unatanda na kufifia, unatanda na kufifia, kama kuna mtu humo anapumua.

Aliiweka chupa chini polepole. Mahindi yale yalikuwa ya pipa la tatu. Na pipa la tatu alikuwa amelifunika yeye mwenyewe, siku kumi na sita zilizopita.

Turudi nyuma kidogo. Mshonaji aliolewa na Fundi, mchomeleaji wa mtaani hodari wa kutengeneza mapipa ya bati ya kuwekea nafaka. Fundi alikuwa mjane mwenye binti mmoja wa miaka saba, kasuku wa maneno asiyenyamaza hata akiwa na chakula mdomoni, ndiyo maana mtaa mzima ukamwita Chiriku. Bwana mpole, mtoto mchangamfu, nyumba ya matofali. Mshonaji alihamia na cherehani yake na moyo mweupe. Nani amwambie kwamba kuna mke mwingine ndani?

Mke mwenyewe alikuwa amekufa, lakini kufa kwake hakukumzuia kuwa mwenye nyumba. Mwaka ule mafuriko yalipokata barabara na maduka yakabaki na rafu tupu, Marehemu aliapa kwamba mwanawe hatalala njaa tena. Akageuza chumba cha nyuma kuwa stoo. Mumewe akamtengenezea mapipa saba. Akayajaza mahindi, maharage na mchele, akapanga ndoo za sukari na chumvi, madumu ya mafuta, makopo ya samaki na maziwa ya unga, hata viberiti alivifunga ndani ya plastiki visishike unyevu. Chakula cha watu watatu kwa miaka miwili. Kila chombo alikiandika tarehe kwa chaki, na chini ya tarehe akachora duara lenye nukta katikati. Halafu homa ya siku nne ikamchukua, akaacha stoo imejaa.

Basi ikawa Mshonaji akiishiwa mchele anatumwa dukani na mwavuli, huku mapipa ya mchele yamesimama ukuta wa pili.

"Si tuchukue humu kidogo, tutarudishia?" aliuliza siku moja.

"Hicho cha siku ya shida, mke wangu," Fundi alijibu. "Marehemu alikusudia hivyo."

Kila Ijumaa akitoka kazini Fundi aliingia stoo, akayagonga mapipa kwa kifundo cha kidole, moja baada ya jingine, na kutega sikio. Alikuwa akisikiliza kama yamejaa bado, na uso ukimlainika. Mshonaji alikuwa hajasikilizwa kwa utulivu ule tangu aolewe. Mtaani nako hali ile ile. Marehemu alikuwa Mama Chiriku, na ameondoka na jina lake. Yeye alikuwa Mshonaji tu. Chiriku mwenyewe alimwita anti, kwa adabu zote, na adabu ile ilimchoma kuliko tusi. Alimshonea gauni la njano lenye marinda, mtoto akashukuru, kisha akakimbia kumwonyesha duara la chaki.

Wivu wa kumwonea aliye hai una nafuu, maana unaweza kumnunia akakuona. Huyu wa kaburini unamnunia vipi? Roho ilimuuma Mshonaji mpaka akakonda mikono.

Ndipo siku moja, watu wote hawapo, akaingia stoo na kitambaa chenye maji. Akafuta duara la pipa la tatu. Akafungua mfuniko, akakoroga mahindi ili apate la kusema kwamba ameyahudumia, kisha akalifunga upya kama alivyoonyeshwa. Mshumaa mfupi unasimamishwa kwenye kisahani cha bati juu ya mahindi, unawashwa, pipa linafunikwa, vibano vinne vinabanwa juu ya ukanda wa mpira. Mshumaa unakula hewa yote iliyomo, halafu unazimika wenyewe, na fukusi hana pa kupumulia.

Kulikuwa na sharti moja, na Fundi alikuwa amemtajia akicheka, maana ni la mafundi mapipa tangu enzi za mababu zao. Mfuniko hufungwa kimya. Kuanzia mshumaa uwashwe mpaka kibano cha mwisho, kinywa kisifunguke, kwa sababu neno la mwisho linafungwa pamoja na nafaka, na huwezi kujua nani atalisikia humo.

Mshonaji alikumbuka sharti. Lakini ule moto mdogo ulipomwangazia mapipa yote yale, na maduara sita yakimtazama, kifua kikamjaa.

"Baki humo humo," akamwambia mwenzake aliyekufa. "Nyumba ni yangu."

Akabana kibano cha mwisho. Akachukua chaki na kuchora maua mawili, alama yake. Siku ile alipika akiimba.

Siku ya tatu Chiriku aliacha kula.

Alikaa mezani, akashika kijiko, akasema ameshiba. Kesho yake hivyo hivyo. Maneno nayo yakapungua, na nyumba ikawa na ukimya ambao Mshonaji hakuuzoea. Alipokuwa akifua gauni la njano alikuta mfuko umejaa punje za mahindi makavu.

"Nani kakupa hizi, mwanangu?"

"Mama."

"Mama gani?"

Chiriku alimtazama kama anayeulizwa jua linatoka wapi. "Mama. Ananilisha mchana ukiwa unashona. Amesema chakula chako nisile, kina uzi."

Mtu mwingine hapo angetimua mbio. Mshonaji kwanza alishikwa na wivu, na tusimcheke, ndivyo alivyokuwa. Alichosikia ni kwamba mtoto amechagua mahindi makavu ya yule kuliko wali wake wa nazi. Hofu ilikuja baadaye, alipomwogesha akamhesabu mbavu, na siku ya kumi na sita akachota mahindi ya pipa la tatu ayapime, ndipo akaiona ile chupa ikipumua.

Akaanza kuvizia. Alikalia cherehani barazani, akawa anakanyaga pedali pasipo kitambaa chochote chini ya sindano, ili mlio uendelee. Saa saba mchana, jua la utosi, mtaa umelala, alisikia miguu midogo ikielekea stoo. Akaacha kanyagio lijizungushe lenyewe na kunyata ukutani. Harufu ilimpokea kabla hajafika mlangoni, harufu ya utambi uliopulizwa sasa hivi, ilhali ndani ya nyumba hakukuwa na mshumaa uliowashwa wala jiko lenye moto.

Chiriku alikuwa amepiga magoti, shavu kwenye bati.

"Mama!" aliita kwa sauti ndogo.

Na kutoka ndani ya pipa la tatu, lililofungwa vibano vinne na ukanda wa mpira, lililojaa mahindi mpaka juu hata paka asingepata pa kujikunja, sauti ya mwanamke, nyororo, ya karibu kabisa, kama ya mtu aliyekuwa amekaa muda mrefu gizani akingoja tu kuitwa, ikajibu, "Abee, mwanangu," kisha mdomo mdogo wa chini, ule wa kutolea nafaka, ukajifungua bila mkono wa mtu na punje zikaanza kudondoka kiganjani mwa mtoto, moja, moja, moja, huku mtoto akitafuna macho yamefumba, na Mshonaji amesimama pale anataka kupiga kelele na kelele haipatikani.

Jioni ile alimvuta mumewe pembeni.

"Stoo kuna kitu," alinong'ona.

"Panya?"

"Panya haitiki akiitwa, Baba Chiriku."

Fundi akacheka kidogo, akaingia, akagonga. Pipa la kwanza, du. La pili, du. La tatu akagonga mara mbili, nalo likamgongea mara mbili kutoka ndani. Kicheko kikamkauka. Akagonga mara tatu. Likajibu mara tatu, taratibu, kisha likaongeza mara moja, polepole, kama mtu anayebembeleza.

Mshonaji alitegemea mumewe aruke. Badala yake Fundi akaweka paji la uso kwenye bati na machozi yakamtoka.

"Ni yeye," alisema. "Alikuwa akinigongea mlango hivyo nikichelewa kuamka."

"Kwa hiyo umefurahi?"

"Sijui."

"Mtoto anakufa njaa katikati ya chakula, wewe unalilia pipa!" Alisema kwa kunong'ona, lakini mnong'ono wenyewe ulikuwa na meno. Na aibu yake kubwa ni hii, kwamba hata katika dakika ile nusu ya hasira haikuwa ya mtoto. Ilikuwa ya yale machozi.

Aliyeleta msaada ni jirani muuza mkaa, mwanamke asiye na breki mdomoni.

"Mwenzangu, huyu mtoto mnamlisha hewa?" alisema alipomwona Chiriku amelala mkekani, midomo imepauka unga wa mahindi. Mshonaji akamwambia yote, isipokuwa lile neno. Muuza mkaa akaacha kutania. Kesho yake asubuhi akaja na mganga.

Mganga hakuwa na manyoya wala kibuyu. Alikuwa baba wa makamo aliyevaa shati lililopigwa pasi, akitazama saa kila mara maana alikuwa na mgonjwa mwingine ng'ambo ya soko. Alisimama mlangoni pa stoo, akanusa, akarudi nyuma hatua moja.

"Nani alifunga hili la tatu?"

"Mimi," alisema Mshonaji.

"Ulisema nini?"

Fundi alimgeukia. Mshonaji akatazama vidole vyake vya miguu, akalisema. Baki humo humo, nyumba ni yangu.

Fundi hakumfokea. Alikaa tu chini kwenye kizingiti, na hilo lilikuwa baya zaidi.

"Sikilizeni," alisema mganga kwa sauti ya chini. "Marehemu amelala zake kwa amani. Aliye humu ni jini, na jini hana sura, anavaa ile anayokuta mtu anaitazama sana. Mama, wewe umeitazama sura ya yule mwanamke mwaka mzima. Ulipomwambia akae, aliyekuwa jirani na maneno yako akaitika. Anakula pumzi ya mtoto. Siku mbili tatu hivi, mtoto naye atakuwa humo."

"Nifanye nini?"

"Aliyefunga ndiye afungue. Ingia peke yako, sisi tutasubiri hapa, maana akiona vinywa vingi atachagua. Fungua mfuniko. Utakuta mshumaa wako unawaka."

"Siku zote hizi? Si ungezimika ile ile siku?"

"Ungezimika kama humo hakuna anayepumua. Usiupulize. Fumba kinywa mpaka uzimike wenyewe, hata uone nini, hata usikie nani. Akikosa kinywa atatoka na moshi. Halafu mahindi yote yapikwe leo leo, mtaa mzima ule, isibaki punje. Umenielewa? Kinywa."

"Nimeelewa."

Aliingia. Kibano cha kwanza, cha pili. Bati lilikuwa na joto la mwili. Cha tatu. Akasikia ndani mahindi yakisogea, kama mtu anayejigeuza kitandani amwone anayeingia. Cha nne. Akakaza midomo, akainua mfuniko.

Mshumaa ulikuwa unawaka. Haukuwa umepungua hata kidogo, urefu ule ule wa siku ya kwanza, na moto wake ulikuwa unapanda na kushuka, unapanda na kushuka, kwa mwendo wa kifua cha mtu aliyelala. Nyuma ya moto, kwenye bati la ndani linalong'aa, kulikuwa na uso wa mwanamke. Mshonaji alifumba kinywa kwa nguvu mpaka meno yakauma. Moto ukaanza kufifia. Ukawa kama punje ya dengu. Ukawa buluu. Kidogo tu ulikuwa umebaki, kidogo kabisa, pale Chiriku aliyekuwa hawezi hata kuketi alipochoropoka mikononi mwa baba yake, akapita katikati ya miguu ya mganga, akasukuma mlango ambao ulijifunga tena nyuma yake, akaingia stoo amenyoosha mikono yote miwili kuelekea pipa.

"Mama!" alilia. "Mama! Mama!"

Uso ndani ya bati ukatabasamu. Miezi kumi na minne ya anti, ya shikamoo anti, ya asante anti, ikampanda Mshonaji kooni kama matapishi, na kabla hajajua afanyalo akasema kwa sauti:

"Mama ni mimi!"

Moto ukainama. Hakukuwa na upepo wa kuuinamisha, ila uliinama, ukamwelekea yeye, ukarefuka kama uzi unaotafuta tundu la sindano. Kisha ukazimika. Alihisi ladha ya utambi kwenye ulimi.

Chiriku akashusha mikono, akaangaza huku na huku, akaanza kulia kilio cha kawaida cha mtoto mwenye njaa.

"Umezimika?" aliuliza mganga kutoka nje. Mlango wa stoo ni mnene na kilio kilikuwa kikubwa, hakuwa amesikia neno.

"Umezimika."

"Hukufungua kinywa?"

"Hapana," alisema Mshonaji. Jibu lilitoka upesi, laini, kabla yeye hajalitafuta.

Mganga akatazama saa yake.

Siku ile masufuria yaliazimwa mtaa mzima. Mahindi ya pipa la tatu yalichemshwa, yakaliwa barazani na njiani, muuza mkaa akarudia bakuli mara nne na kusema kama majini yana mahindi matamu hivi basi aletewe la kwake. Chiriku alikula mpaka tumbo likawa ngoma. Jioni akapanda mapajani mwa Mshonaji, akamlalia kifuani, akasema kwa usingizi, "Mama."

Mshonaji alilia kwa furaha. Angalau alidhani ni yeye aliyelia.

Wiki zilizofuata zilikuwa zile alizozitamani tangu aolewe. Fundi alirudi mapema. Alikuwa anamtazama akipika, anatabasamu, anasahau chai mkononi. Muuza mkaa naye, bila mtu kumwagiza, siku moja alipiga hodi akasema, "Mama Chiriku upo?" Jina likamwingia masikioni, na akangoja limfurahishe. Lilipita tu, likaenda kwa mtu mwingine aliyekuwa karibu zaidi.

Alianza kugundua vitu. Alijikuta anajua kopo la maziwa liko rafu gani bila kutafuta. Cherehani ilipata vumbi. Mlango wa chumbani alipoukuta umefungwa aliugonga mara tatu, kisha mara moja polepole, na Fundi kwa ndani akaja kufungua na uso unaong'aa.

Ijumaa Fundi akaleta mahindi mapya kujaza pipa lililobaki tupu. Yalijaribiwa kwa chupa, chumvi ikateleza yote chini. Mshonaji aliona mikono yake ikichukua chaki. Alitaka kuchora maua mawili. Mkono ukaandika tarehe, na chini yake, bila kusita, duara lenye nukta katikati.

Akataka kuiacha chaki idondoke. Vidole havikusikia.

"Mama!" Chiriku aliita kutoka uani.

Mshonaji alivuta pumzi amjibu, na pumzi haikuja.

"Abee, mwanangu!" kinywa chake kiliitika, kwa sauti ile nyororo ya ndani ya bati, na mtoto akacheka huko nje, na Fundi aliyekuwa anafagia punje sakafuni akainua uso akautazama uso ule kwa upendo ambao Mshonaji hakuwahi kuupata hata siku moja. Aliona yote. Wivu ukamkaba, akapiga kelele kwa nguvu zake zote, na kelele ikazunguka huko huko ndani gizani, bila mlango.

Mikono ikawasha mshumaa, ikafunika pipa, ikabana kibano cha kwanza, cha pili, cha tatu. Fundi alikuwa kimya, kama sharti linavyotaka. Kabla ya kibano cha nne kinywa kilijiinamia kifuani, karibu kabisa, asije akasikia mwingine.

"Baki humo humo," kikanong'ona. "Nyumba ni yangu."